Je, roboti inaweza kuchambua nguo zilizokosa mnunuzi?

Mama Masweta, Mwanjelwa
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninauza mitumba, hasa masweta na makoti, na kila ninapofungua robota hubaki rundo la nguo ambazo hata kwa bei ya kutupa hazipati mtu: shingo zimelegea, zipu zimekufa, madoa hayatoki. Kijana wangu ananieleza kwamba Ulaya zipo roboti zenye kamera zinazochambua nguo za namna hiyo ili zirudishwe kuwa nyuzi (mwanzoni nilidhani anazungumzia robota). Naomba kujua kama ni kweli, na ugumu wake uko wapi, maana mwanangu wa darasa la sita huifanya kazi hiyo huku anapiga soga.

Fundi Mitambo, Iyunga
Shikamoo, mama. Ni kweli, ingawa kutambua nguo kumefanikiwa kuliko kuishika. Huko Malmö, Sweden, kiwanda cha Siptex kilichofunguliwa mwaka 2020 kilijengwa kupitisha nguo kwenye mkanda na kuzimulika kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, ambao pamba, sufu na poliesta huunyonya kila moja kwa namna yake. Kisha mpulizo wa hewa huitupa nguo kwenye fungu lake. Kamera ya kawaida hutambua rangi, doa au kifungo, lakini sweta la sufu na la akriliki (uzi wa kiwandani unaofanana na sufu) huweza kuihadaa kabisa.

Shughuli pevu iko kwenye kushika. Katoni hubaki katoni hata ukiigeuza, lakini sweta likitupwa mara kumi hulala kwa namna kumi, mkono mmoja ukiwa umejificha chini. Kikombe cha kunyonya kinachoinua katoni hushindwa hapo, kwa kuwa hewa hupenya kwenye matundu ya kitambaa, hivyo hutumika vidole vya kubana au sindano ndogo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, walionyesha roboti iliyokunja taulo ambazo haikuwahi kuziona, na kila taulo ilichukua takriban dakika 25. Kasi imeongezeka sana tangu hapo, ila mwanao bado asingetishika.

Cherehani, Iringa
Naomba kuongeza jambo. Koti ninalolifumua huwa na sufu juu, bitana ya poliesta ndani, na sponji mabegani. Mwanga huo utasomaje yote hayo?

Fundi Mitambo, Iyunga
Hausomi, ndugu yangu. Huona tabaka la juu tu. Nguo nyeusi nazo husumbua, kwa sababu baadhi ya rangi nyeusi hunyonya karibu mwanga wote na kifaa hakipati cha kusoma. Zipu na vifungo sharti vikatwe kabla ya kuchana nguo, na hapo kamera husaidia kuonyesha vilipo.

Mama Masweta, Mwanjelwa
Marahaba, mwanangu, nimekuelewa. Rundo langu kwa sehemu kubwa ni makoti meusi yenye bitana. Ndugu Cherehani, kama unahitaji zipu nzima na vifungo, nitaanza kukuwekea Jumamosi.