Nimesimamishwa na polisi nikitoka msibani: ni wasifu au ni rangi?

Kutoka: Kijana wa Indianapolis

Ndugu wanajumuiya, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Jumamosi usiku nilikuwa natoka msibani Columbus, narudi Indianapolis. Kwenye begi nilikuwa na michango, dola 6,400 taslimu, kwa sababu mweka hazina amesafiri na mimi ndiye niliyepewa dhamana ya kuzipeleka benki Jumatatu. Saa nne hivi taa za bluu zikawaka nyuma yangu. Nikaegesha. Askari akaja upande wa abiria, akasema nimebadilisha njia bila indiketa. Naapa niliwasha.

Sikubishana. Nikampa leseni, kadi ya gari na bima. Badala ya kwenda kuandika, akaanza maswali: unatoka wapi, gari la nani, aliyefariki ni nani, lafudhi hiyo ya wapi, una pesa kiasi gani humu ndani. Akaondoka, akarudi na onyo la maandishi, faini hakuna. Nikajua yameisha. Nimeshashika ufunguo, akaniuliza kwa upole kabisa: una neno nikitupia macho ndani ya gari? Nikasema hapana, nikimaanisha hapana, usitupie. Yeye akafungua mlango wa nyuma.

Walitoa kila kitu, hadi kanga alizonipa shangazi. Pesa wakazihesabu juu ya boneti, noti moja moja. Dakika arobaini na ushei. Wakanirudishia zote, wakanitakia safari njema.

Jana kazini rafiki yangu Mmarekani ameniambia polisi wanaruhusiwa kutumia wasifu wa wahalifu, yaani orodha ya dalili za kumtambua mshukiwa, kwamba huo si ubaguzi, ni kazi. Mimi naona ni dhana mgando tu: mweusi, lafudhi, usiku, pesa. Tofauti iko wapi? Na je, nilalamike au ninyamaze, maana maombi yangu ya uraia bado yako mezani kwao?


Kutoka: Mjomba wa Dayton

Pole mpwa. Ila ungewasha indiketa haya yote yasingekuwepo. Hawa hawasimamishi mtu bure. Nina miaka 19 hapa, nimesimamishwa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na kosa. Tusiwe watu wa kulia ubaguzi kila tukikanyagwa kidole.


Kutoka: Mkalimani, Baltimore

Mjomba wa Dayton, shikamoo. Kwa heshima zote, kijana hakuuliza kama alikosea. Mimi si wakili. Ni mkalimani mahakamani, mwaka wa kumi na moja huu, na haya ndiyo ninayoyatafsiri karibu kila wiki hadi yamenikaa kichwani.

Wasifu, kwa maana yake ya kikazi, huanzia kwenye tukio au mwenendo. Duka limeibwa, shahidi kaona gari dogo jeupe lililobonyea mlango, basi askari anatafuta gari jeupe lililobonyea mlango. Au chukua kesi ya Sokolow, abiria wa ndege aliyeshukiwa kubeba dawa za kulevya. Mwaka 1984 bwana huyo alinunua tiketi za dola 2,100 kwa bunda la noti za ishirini ishirini, akaruka kutoka Honolulu hadi Miami, safari ya saa 20 hivi kwenda na kurudi, akakaa huko saa 48 tu, akarudi bila mzigo wa kukabidhi, na jina alilosafiria halikulingana na namba ya simu aliyoitoa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikasema ukiyakusanya hayo yote, shaka ina msingi. Katika hayo hakuna linalouliza amezaliwa na nani. Dhana mgando inakwenda kinyumenyume: inamchukua mtu kwa kundi lake kwanza, halafu inamtafutia kosa.

Mezani zinatengana vizuri namna hiyo. Barabarani hazitengani, na hapo ndipo rafiki yako wa kazini anapopotea. Wasifu huandikwa na watu, na watu huchovya humo wanachokiamini tayari. Mfano uko hukuhuku Maryland. Mwaka 1992 wakili mmoja mweusi, Robert Wilkins, alikuwa na jamaa zake kwenye gari la kukodi wakitoka kumzika babu yao Chicago. Msibani, kama wewe. Wakasimamishwa, wakakataa kupekuliwa, wakawekwa pembeni ya barabara hadi mbwa wa kunusa aletwe. Hakunusa kitu. Katika kesi aliyofungua ikajitokeza taarifa ya ndani ya polisi iliyowatahadharisha askari kuhusu weusi wenye magari ya kukodi yenye namba za Virginia. Huo ulikuwa wasifu, umeandikwa rasmi kabisa, na ndani yake rangi ndiyo iliyobeba mzigo wote.

Walimalizana mwaka 1995 kwa sharti kwamba polisi wa jimbo waweke rekodi za upekuzi wao. Rekodi ndizo zilizosema. Kwenye barabara ya I-95 madereva weusi walikuwa kama asilimia 17, lakini miongoni mwa waliopekuliwa walizidi asilimia 70. Na vitu haramu? Vilipatikana kwa kiwango karibu sawa, weusi kwa weupe. Kwa hiyo hata ukisahau haki kwa dakika moja ukaangalia kazi tu, wasifu ule haukuwa unawasaidia kukamata watu. Wilkins leo ni jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho, Washington.

Mjomba, uliposema hawasimamishi bure, watafiti wa Stanford walipitia rekodi karibu milioni 100 za kusimamishwa barabarani na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Giza likiingia, sehemu ya weusi miongoni mwa wanaosimamishwa inashuka. Gari ni lilelile, mwendo ni uleule, sura tu haionekani.

Sasa sheria, na hapa sitakufariji. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ilisema sura ya Kimeksiko peke yake haitoshi kusimamisha gari karibu na mpaka. Shika hilo neno "peke yake", kwa sababu ikichanganywa na mengine waliiruhusu ihesabiwe. Halafu mwaka 1996 ikaja kesi ya Whren. Askari waliovaa kiraia waliwatilia shaka vijana weusi ndani ya gari lililokaa kwenye alama ya kusimama zaidi ya sekunde 20, kisha likakata kona bila indiketa. Naam, indiketa. Majaji wote tisa walikubaliana: kosa la barabarani likiwepo, kilichomo moyoni mwa askari hakihesabiwi chini ya Marekebisho ya Nne ya Katiba, yale yanayozuia kukamatwa na kupekuliwa bila sababu. Lalamiko la rangi lipelekwe kwenye Marekebisho ya 14, usawa mbele ya sheria, na huko kuthibitisha nia ya mtu ni kupanda mlima.

Ndiyo maana nasema kosa lako, mdogo wangu, halikuwa indiketa. Lilikuwa lile "hapana". Swali lenyewe limegeuzwa makusudi. Una neno? Ukisema hapana, umeruhusu. Ukisema ndiyo, unajiona mkorofi mbele ya mtu mwenye bastola. Nimekaa kwenye kesi ambazo jibu moja la namna hiyo limebishaniwa asubuhi nzima. Na askari hana wajibu wa kukuambia kwamba unaweza kukataa, hilo liliamuliwa mwaka 1973, wala kukuambia kwamba sasa uko huru kuondoka, mwaka 1996 tena. Angekosa ruhusa yako, angehitaji sababu nyingine ya kisheria, kwa sababu tangu kesi ya Rodriguez, 2015, hawezi kurefusha kukushikilia baada ya shughuli ya barabarani kwisha bila shaka yenye msingi. Karatasi ya onyo ilikuwa tayari mkononi mwako. Ungekuwa umeshika mlango wa kutokea.

Usijibu ndiyo wala hapana. Sema sentensi nzima, kwa Kiingereza, polepole: "I do not consent to a search." Ifanyieni mazoezi mbele ya kioo, sitanii. Sisi tumelelewa kumwitikia mkubwa, na mdomo unaitikia kabla akili haijafika.

Kuhusu uraia: kulalamika si kosa. Kinachoweza kukuumiza ni kudanganya kuhusu hadhi yako ya uhamiaji, au kukutwa na bangi ya abiria wako, hata kwenye jimbo lililoihalalisha, kwa sababu sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho na shirikisho halijaihalalisha. Ukiwa na wasiwasi wowote, onana na wakili wa uhamiaji kabla ya kuandika chochote.


Kutoka: Dereva wa lori, leo Nebraska

Dada mkalimani kamaliza sheria. Mimi niongeze ya dirishani.

Tulikotoka trafiki akikupungia unashuka, unamfuata na leseni mkononi, unamwamkia, mnaongea. Hapa usifungue mlango kabla hujaambiwa. Nimemwona Mkongo mmoja, mtu mzima na kofia yake, anashuka kwenda kusalimia kwa adabu zote, na askari tayari mkono uko kiunoni. Washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani, na kabla ya kuchukua kadi ya gari kwenye dashibodi sema unachokwenda kuchukua, subiri akubali. Ila ukiambiwa ushuke, shuka. Tangu 1977 dereva hana la kubishia hapo, na tangu 1997 abiria naye vilevile. Kukataa kupekuliwa ni kwa mdomo, si kwa mwili. Akiendelea kupekua baada ya wewe kusema hukubali, mwache apekue. Maneno yako yatafanya kazi baadaye.

Jambo jingine, macho. Kwetu kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu, unaangalia chini. Yeye anaandika "alikwepa kunitazama". Kucheka kwa woga vilevile. Ukimkazia macho nako anaweza kuandika kwamba ulikuwa mkali, basi mimi namtazama usoni kwa kifupi, kisha natazama mbele.

Ila kilichonishtua ni zile pesa. Kijana, umeokoka na hujui. Wana sheria ya kutaifisha mali kwa njia ya madai: kesi inafunguliwa dhidi ya pesa zenyewe, siyo dhidi yako. Wewe hushtakiwi, pesa ndiyo mshtakiwa, na wewe unaenda kudai kwa barua yenye tarehe ya mwisho. New Mexico waliifuta mwaka 2015, lakini majimbo mengi bado ipo. Michango ya msiba isitembee barabarani kwenye begi. Ikilazimu, tembea na orodha ya wachangiaji.


Kutoka: Mama wa watatu, Minnesota

Nina vijana watatu wanaoendesha. Nimesoma yote na nashukuru, lakini nataka mjomba asikie hili.

Philando Castile alifanya kazi kwenye jiko la shule, St. Paul. Tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights, alisimamishwa. Alichoambiwa ni taa ya breki. Kabla ya hapo askari alikuwa amesema kwenye redio kwamba anafanana na mshukiwa wa wizi kwa sababu ya pua yake pana. Pua. Hiyo ndiyo "maelezo ya mshukiwa" tunayoambiwa ni kazi. Castile alikuwa na kibali cha silaha, akamwambia askari kwa adabu kwamba anayo, akapigwa risasi akafa, mwenzake na mtoto wa miaka minne wako ndani ya gari. Askari aliachiwa na mahakama mwaka uliofuata. Tarehe 11 Aprili 2021, Brooklyn Center, ikawa zamu ya Daunte Wright, miaka 20, naye akauawa kwa risasi: stika ya usajili imepitwa na muda na kimanukato kinaning'inia kwenye kioo. Huyo askari alihukumiwa.

Siku ile nilishuka chini na mkasi nikakata vimanukato kwenye magari yote matatu. Wanangu walinicheka. Sasa hivi yupo mmoja tu anayecheka.

Baadhi ya sehemu wameanza kupunguza visingizio hivyo. Virginia mwaka 2021 walizuia polisi kusimamisha magari kwa makosa madogo ya namna hiyo, Philadelphia wakafuata 2022, na California tangu 2024 askari lazima akutajie sababu kabla hajaanza kukuuliza mengine. Pua pana haimo kwenye sheria yoyote ya barabarani, na kila sababu ndogo inayoondolewa ni mlango mmoja umefungwa.


Kutoka: Mjomba wa Dayton

Nimesoma. Kuhusu upekuzi nimewaelewa na nimemwita mke wangu naye asome. Kuhusu indiketa sijabadilisha kauli.


Kutoka: Kijana wa Indianapolis

Ahsanteni wote. Pesa zimeshaingia benki na mweka hazina ametumiwa picha ya risiti.

Nimeandika kila nilichokumbuka: saa, maili ya barabara, namba ya gari lao, jina lililokuwa kifuani. Dada mkalimani alinipigia akasema niombe video ya kamera ya kifuani mapema, kwa sababu sehemu nyingi hawazihifadhi muda mrefu. Ombi nimelituma jana, malalamiko yatafuata nikishaiona. Wakili wa uhamiaji naye nimempata, kasema endelea.

Mjomba, hili ni lako. Asubuhi nilimwomba jirani asimame nyuma ya gari nikiwasha taa moja baada ya nyingine. Indiketa ya nyuma kushoto imekufa. Mimi niliwasha kweli, kwenye dashibodi ilikuwa inawaka, kwa haraka haraka kuliko kawaida, nami sikujua hiyo ndiyo dalili ya balbu kuungua. Kwa hiyo askari hakunisingizia. Balbu mpya nimeiweka kwa dola 9.

Sasa nasubiri video nisikie vizuri aliuliza lafudhi kabla ya indiketa au baada.