Nimepigwa laki tatu na nusu kwenye "usiku wa siga na wiski", siga feki, wiski feki, na nikatukanwa juu

Wakuu habari za Jumapili, mimi kwangu si nzuri. Nimeamka kichwa kinagonga, koo kama nimelamba msasa, na hela ndo imeshaenda hivyo.

Iko hivi. Wiki tatu nyuma nikaona tangazo la lounji moja huku Masaki, jina silitaji msije mkanitafutia kesi, kiingilio laki tatu na nusu kwa kichwa, unapewa siga moja ya Kuba, Cohiba Behike 54, na toti tatu za wiski ya Lagavulin 16 na "mtaalamu" wa kukuelekeza. Nikalipa siku ileile kwa lipa namba. Sababu yangu ni baba mdogo, yule alisoma Havana miaka ya 80, alikuwa anavuta siga moja tu kwa mwaka, usiku wa mkesha wa mwaka mpya, kibarazani kwake Tanga, sisi watoto tunafukuzwa tusikae kwenye moshi ila tunazungukia nyuma ya nyumba tunanusa, harufu kama ngozi mpya imechanganyika na kahawa na mbao, mpaka leo haijanitoka puani. Behike yenyewe hajawahi kuigusa maana imetoka 2010 na yeye kifua kilishamkatalia tumbaku. Nikasema basi nitavuta kwa niaba yake.

Kwa wasioijua, kilichoifanya Behike iwe adimu ni jani moja linaitwa medio tiempo, yanakuwa mawili tu juu kabisa kwenye mche, yanapigwa jua kuliko wenzake yote, yanakuwa manene na makali, na si kila mche unayatoa. Ukikosa jani hilo huna Behike, una siga ya kawaida. Ndo maana hata Kuba kwenyewe wanatoa chache.

Sasa nafika pale saa mbili usiku, taa nyekundu, muziki juu, mhudumu analeta boksi kwa mbwembwe, linang'aa, kifuniko cha kioo, ndani siga zimepangwa 25. Nikapiga picha haraka nikamrushia baba mdogo WhatsApp, "shikamoo baba, leo tunavuta". Dakika mbili simu inatetemeka, voice note: "Marahaba mwanangu. Hilo boksi lina kioo? Kuba hawatengenezi boksi la kioo. Toka hapo."

Wakuu nilihisi tumbo limeshuka. Nikaanza kuangalia vizuri. Behike inakaa 10 kwenye boksi, hawa wana 25. Kichwani ile ya ukweli ina kamkia kadogo ka jani kamesokotwa, hii kipara kabisa. Karatasi ya kiunoni ile picha ya kichwa cha Mhindi Mwekundu inatakiwa imeremete ukiigeuza kwenye taa, hii imekufa kama stika ya daladala, tena gundi imevuja imeshikana na jani. Nikaibonyeza kidogo kwa vidole ikalia krrr, kavu kama jani la mwembe la Januari. Siga nzuri ukiibonyeza inarudi taratibu, haipigi kelele.

Nikasema ngoja nisiwe mbishi, niiwashe. "Mtaalamu" akaja na kiberiti cha gesi cha kawaida akaupiga moto ukagusa kabisa siga, ikawaka upande mmoja ikaacha mwingine, moshi ni wa uchungu unakwangua ulimi, jivu linadondoka kwenye suruali kabla hata sijafika sentimita mbili. Siga iliyosokotwa vizuri jivu lake linashika, unaongea stori nzima bado limekaa.

Haya, wiski. Hapa ndo waliniudhi kuliko hata siga, maana Lagavulin huwezi kuidanganya. Ile inatoka kisiwa cha Islay kule Uskoti, shayiri yake inakaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi, kwa hiyo glasi haijafika mdomoni umeshanusa moshi, dawa ya hospitali na chumvi ya bahari, kama mtu kabanika ng'onda jirani. Wenye pua laini wanaikimbia. Yao inanukia vanila! Vanila na karameli, kama pipi. Imeletwa kwenye bilauri ya plastiki imejaa barafu mpaka juu, na chupa nikaomba niione wakaileta imeshafunguliwa, stempu ya TRA haipo. Meza ya pembeni jamaa kaongeza kola na anasifia, sina ugomvi naye, kalipia furaha yake.

Nikamwita meneja pembeni kwa ustaarabu kabisa, nikamwonyesha kioo, nikamwonyesha idadi, nikamnusisha glasi. Anajibu mbele ya watu, "kiongozi, hizi vitu zinataka uzoefu, wewe naona umezoea za kununua moja moja kwa Mangi". Watu wakacheka. Mimi naitwa mshamba kwa hela yangu mwenyewe aisee. Nikadai hela, akaniambia nimeshawasha, kitu kikishawashwa hakirudishwi. Sasa ningejuaje ni feki bila kuwasha?

Nimerudi na nusu ya siga mfukoni. Asubuhi hii nimeiweka juu ya gazeti nikaipasua kwa kisu. Behike ndani ni majani marefu yanatoka mwanzo mpaka mwisho. Hii ndani ni makapi, vipande kama majani ya chai ya kupima, na kijiti cha jani kinene kama njiti ya kiberiti, nimekipima kabisa.

Najua mtakuja na hesabu zenu hapo chini. Ni kweli, bei ya Cohiba ilipandishwa dunia nzima 2022, Behike moja peke yake huko nje inazidi hiyo laki tatu na nusu, toti tatu za Lagavulin zingetoka wapi, hapo ningejiongeza. Sikujiongeza. Wajinga ndio waliwao, mshaniwahi, endeleeni. Ila kuniuzia makapi halafu uniambie sijui kuvuta, hapana, hilo silimezi.

Tangu saa nne napiga namba yao haipokelewi, ila tangazo la Jumamosi ijayo wameshalirusha, bei imepanda laki nne. Kama kuna aliyekuwepo jana, meza za karibu na kaunta, njoo PM tuunganishe risiti. Nusu siga na ile karatasi ya kiunoni nimezihifadhi kwenye kopo la Blue Band juu ya friji, wife ameshauliza mara mbili kinanuka nini humu ndani. Baba mdogo bado sijamjibu.