Kebo ya bei chee kwenye shule na zahanati za Tanga: "swichi itasawazisha yenyewe", tukubali?

Wadau wa Tanga hebu tulijadili hili bila matusi. Majengo ya umma huku, shule, zahanati, ofisi za kata, fundi anavuta kutoka kwenye swichi, kile kiboksi cha kuunganishia kompyuta, ile kebo ya mtandao ya alumini iliyopakwa kopa (shaba) kwa juu, ukimuuliza jibu ni lile lile, "mkuu swichi za siku hizi zinajisawazisha zenyewe, kwani taa ya swichi si imewaka?" Mimi nasema kwenye majengo ya umma ipigwe marufuku.

Fundi hadanganyi lakini. Kwenye mtandao wa gigabiti, yaani megabiti 1000 kwa sekunde, kila pea (waya mbili zilizosokotwa) kati ya zile nne za kebo inabeba volteji za ngazi tano, mbili juu, mbili chini na sifuri katikati, zinabadilika mara milioni 125 kwa sekunde, na pea hiyo hiyo inatuma huku inapokea. Sasa waya mrefu unakula mabadiliko ya haraka kuliko ya polepole, kwa hiyo ngazi moja inaburuta mkia mpaka kwenye inayofuata, kama mtangazaji pale uwanja wa Mkwakwani, neno la kwanza linarudi kutoka spika ya upande wa pili yeye ameshafika la tatu. Chipu inayopokea ina ikwalaiza inayoutoa ule mkia, na inajipanga yenyewe: inakisia ngazi iliyotumwa, inaangalia imekosea kwa kiasi gani, inasogeza namba zake kidogo, inarudia hivyo hivyo muda wote. Wala si mambo ya juzi, Widrow na Hoff walitoa hesabu ya kusogeza namba namna hiyo mwaka 1960, na Robert Lucky wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, akaja na ikwalaiza ya kujiendesha kwa ajili ya laini za simu mwaka 1965.

Tatizo ni kwamba ikwalaiza inatoa mkia, kelele haitoi. Ikiyapandisha masafa ya juu yaliyoliwa na waya inapandisha na kelele iliyomo humo humo, na ngazi zikiwa nyingi nafasi kati yake ni finyu, kelele ndogo tu inakurusha ngazi ya jirani. Hata wale wa mtandao wa 400G (gigabiti 400 kwa sekunde), kiwango cha 2017, walipotoka ngazi mbili kwenda nne nafasi ilibaki theluthi, ikabidi juu ya ikwalaiza waweke na hesabu ya kusahihisha makosa. Kwa hiyo taa kuwaka maana yake ikwalaiza imeweza leo, imebakiwa na nguvu kiasi gani taa haisemi.

Mdau wa Raskazone: Mkuu umeruka kitu. Masafa ya juu umeme unapita kwenye ngozi ya waya, na ngozi yenyewe ndo hiyo kopa, kwa hiyo kwa signali tofauti si kubwa hivyo. Shule ina kompyuta chache na bajeti kiduchu, unataka wakose mtandao kabisa kisa alumini?

Fundi wa Ngamiani: Raskazone ngozi sawa, kamera je? Moto wa kamera unapita kwenye kebo hiyo hiyo ya mtandao, nao ni DC, hauendi kwenye ngozi tu, unapita waya mzima, na alumini inapitisha kama asilimia 60 tu ya kopa. Mchana kamera inakaa poa, usiku ikiwasha taa zake za kuonea gizani inazima inawaka inazima, mteja anasema kamera mbovu. Halafu ule waya ukiukunja mara mbili tatu wakati wa kubana kichwa cha kebo unakatika.

Mleta mada: Na ongeza hewa ya chumvi yetu hii. Pini ya RJ, kile kichwa cha kebo, ikishachana kopa, alumini iko wazi, unyevu ukiingia inaanza kuliwa. Ikwalaiza inajifunza njia iliyotulia, ile ya kugusa na kuachia kwa sekunde haina la kuifanya, laini inakatika inaanza upya, au pea mbili zikifa swichi nyingi zinashuka kimyakimya kutoka megabiti 1000 hadi 100 kwa sababu 100 inatosheka na pea mbili. Taa bado inawaka! Kiwango cha TIA-568, kile cha Marekani cha kebo za mtandao, chenyewe kinataka kopa tupu, sijabuni mimi.

Mjumbe wa kamati ya shule, Pongwe: Wanangu mmeniacha kwenye ngazi tano huko. Sisi kamati ndo tunasaini fundi alipwe, tutajuaje tumeletewa ipi?

Fundi wa Ngamiani: Shikamoo mama. Kata kipande, kwangua waya kwa wembe, ukiona weupe ndani ni alumini. Boksi la mita 305 likiwa jepesi ajabu shtuka. Halafu fundi akupe karatasi ya testa (mashine ya kupimia kebo) kila pointi, na uone imeandika 1000, si 100.

Mjumbe wa kamati ya shule, Pongwe: Marahaba mwanangu. Wembe tunao.

Mdau wa Raskazone: Marufuku bado sijakubali. Andikeni kopa kwa kamera na kwa waya mirefu, chumba cha kompyuta mita kumi na tano muacheni fundi avute anachoweza.

Mleta mada: Na mwakani mwalimu mkuu akichomeka kamera kwenye waya huo huo wa mita kumi na tano akaupeleka hadi getini, nani atamwambia haikukusudiwa hiyo? Mimi hapo sitoki.