Paka na mimea ya ndani: kokoto, maganda ya machungwa, kuning'iniza au nyasi?

PakaWawili_SouthB
Wadau, naombeni maoni. Nakaa ghorofani, sebule ndogo, balkoni ni ya kuanikia nguo tu. Paka wangu wana tabia mbili tofauti. Mkubwa anafukua chungu cha sansevieria, ule mmea wa majani marefu yaliyosimama kama panga, na kujisaidia humo. Mdogo hana haja na udongo, yeye anatafuna pothosi inayotambaa kwenye rafu. Njia ninazofikiria ni kokoto juu ya udongo, maganda ya machungwa, kuning'iniza vyungu, au kuwapandia nyasi zao. Mwenye nyumba hataki kusikia habari za drili. Ipi inadumu?

Fundi_Roysambu
Kwa huyo mkubwa, kokoto. Lakini si vile vijiwe vyeupe vya mapambo, hivyo anavisukuma kama mchanga. Tafuta kokoto za ujenzi, kubwa kubwa, uzioshe vumbi, uzipange kwa mkono mpaka udongo usionekane. Akizidi ukaidi, kata waya wa kuku duara, upasue kutoka ukingoni hadi katikati ili upite shinani, kunja ncha zitazame chini, kisha panga kokoto juu yake. Maji yanapita vizuri tu.

mkulima_wa_balkoni
Sawa, ila kokoto zinaficha unyevu. Sansevieria inataka udongo ukauke kabla ya kumwagiliwa tena, na hapa Nairobi Juni na Julai, baridi na mawingu, chungu kilichofunikwa kinachelewa sana kukauka. Chomeka kijiti cha mishikaki hadi chini. Kikitoka na udongo umeng'ang'ania, weka jagi chini.

Shangazi_Buruburu
Mimi ni wa maganda ya machungwa tangu zamani. Paka ananusa, anakunja uso, anakwenda zake. Na hayana gharama.

Fundi_Roysambu
Shikamoo shangazi. Yakiwa mabichi nakubali. Yakishakauka harufu inakwisha, na yakioza vinzi vinajaa sebuleni.

Shangazi_Buruburu
Marahaba mwanangu. Nyumba yenye wajukuu machungwa hayaishi, kwa hiyo maganda yanabadilishwa bila hata kukumbushana.

Dada_wa_Kliniki
Nafanya kazi kliniki ya wanyama, naomba niingilie hapo kwenye harufu. Ganda lenyewe kwa kawaida linamchukiza paka tu, ingawa akilitafuna anaweza kutapika. Hatari ni yale mengine watu huongeza: naftalini za kabatini, mafuta ya mti wa chai (tea tree), mafuta ya machungwa ya chupa, masalio ya kahawa. Yote hayo ni sumu kwake. Pilipili nayo inashika kwenye nyayo, akijilamba inamuunguza mdomo, akijipangusa inaingia machoni. Huko ni kumtesa, si kumfukuza.

Na mama, kabla ya kujadili chungu kikae wapi, angalia ndani yake mna nini. Pothosi, dieffenbachia na monstera zina chembe kali zinazochoma mdomo. Paka hutokwa mate, hukataa chakula, wengi wao hupona. Sansevieria inaweza kumtapisha na kumharisha. Saikasi, ile inayofanana na mnazi mfupi na imejaa kwenye kampaundi nyingi hapa mjini, inaua ini.

Lakini lili ni habari nyingine kabisa. Nazungumzia lili halisi, zile za kwenye mashada ya City Market. Jani, ua, chavua iliyomdondokea manyoya akailamba, hata maji ya chombo cha maua: figo zinaweza kufa ndani ya siku chache. Ukishuku amegusa, usingoje aanze kutapika, mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo. Lili haining'inizwi wala haiwekewi kokoto. Haiingii nyumba yenye paka, basi.

Mpangaji_Kilimani
Jamani! Mtu akiletewa shada la Valentine afanyeje?

Dada_wa_Kliniki
Abaki na waridi, lili zibaki ofisini.

Mpangaji_Kilimani
Kuhusu kuning'iniza bila drili: grili za dirisha. Zimo ndani tayari, na mwanga uko hapo hapo. Kamba za mkonge zipo soko la Kariokor. Funga chungu juu, mbali na kiti au kabati, maana paka mzima anaruka mita moja na nusu bila kujikaza. Matawi ya pothosi usiyaache yakiningʼinia. Yazungushe kwenye grili, kwa sababu tawi linalochezacheza kwa upepo ni kumwita.

mkulima_wa_balkoni
Mdogo mpandie ngano. Nenda Nyamakima ununue nafaka ya kula, nzima. Usichukue mbegu za dukani za kupanda, nyingi zimepakwa dawa, utaziona zina rangi rangi. Loweka usiku kucha, mwaga kwenye mkebe wa aiskrimu uliotobolewa chini, funika kwa udongo kidogo. Baada ya wiki hivi nyasi ziko tayari. Panda mkebe wa pili kabla wa kwanza haujaisha, la sivyo atarudi kwenye pothosi.

Na ukitaka kuibadilisha pothosi, Saintpaulia, ile wanayoiita African violet, haina sumu kwa paka, na ni mmea wa kwetu, asili yake milima ya Usambara na Taita.

Dada_wa_Kliniki
Nimesahau kumuuliza mama jambo la msingi. Una masanduku mangapi ya mchanga ya paka kujisaidia? Ushauri wa kawaida ni moja kwa kila paka na moja la ziada. Anayejisaidia chunguni huenda anakimbia sanduku chafu, au mwenzake analilinda.

PakaWawili_SouthB
Liko moja. Nimewaelewa. Sansevieria inapata waya na kokoto, pothosi inaenda kwa jirani asiye na paka, mdogo anapata ngano. Masanduku mengine mawili sasa niyaweke wapi kwenye nyumba hii? Jikoni?

Fundi_Roysambu
Jikoni hapana, unapika huko. Moja bafuni, jingine nyuma ya kochi. Na usiyapange pamoja, atayalinda yote.