Kupiga picha jumba la Fountains Hall na magofu ya monasteri iliyo jirani: nianzie wapi?

Msafiri wa Kaskazini aliuliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote.

Katikati ya mwezi Novemba nakusudia kurudi kwenye monasteri ya Fountains Abbey, karibu na mji wa Ripon, North Yorkshire, Uingereza, na safari hii nataka kulishughulikia jumba la Fountains Hall kuliko magofu yenyewe. Mara ya kwanza nilikwenda mwezi Juni, nikafanya kama wafanyavyo wageni wengi: niliingia kwa lango kuu, nikashuka bondeni, nikatumia saa tatu nzima katika magofu, na nilipolifikia jumba nilikuwa nimechoka na betri imekaribia kuisha. Nikasimama karibu mno na ukuta, nikaelekeza kamera juu, nikapiga picha kama kumi hivi, nikaondoka. Nilipozifungua nyumbani nilikuta jumba zima limeinama nyuma kama mtu anayeanguka chali, anga limekuwa jeupe kama karatasi, na yale madirisha makubwa yote yamegeuka mabaka meusi.

Naomba kujua ni saa ngapi mwanga unalifaa jumba hili, ni lenzi gani niibebe, na kama inaruhusiwa kutumia stendi ya miguu mitatu. Zaidi ya hayo, ningependa mwenye kuifahamu historia yake anieleze uhusiano wa jumba na monasteri, kwa sababu nimechoka kupiga picha za kitu nisichokielewa.

Mzee Lenzi alijibu:

Ndugu Msafiri, kosa lako si geni; nami nina kabati zima la majumba yaliyoanguka chali.

Ukuta wa mbele wa Fountains Hall unatazama kusini, na nyuma yake jumba limeegemea mteremko wa bonde la mto Skell. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua la Ripon hupanda hadi nyuzi 59 hivi juu ya upeo wa macho, kwa hiyo mwanga huteremka ukutani kutoka juu, kila kizingiti cha jiwe kikaliangushia dirisha lake kivuli. Hayo ndiyo mabaka meusi uliyoyaona. Katikati ya Novemba, saa hiyohiyo, jua halizidi nyuzi 18 hivi. Mwanga huja karibu sambamba na ardhi, unapenya ndani ya fremu za mawe, na kila mchongo unapata upande wake wa mwanga na upande wake wa kivuli. Kwa jumba hili Novemba ni mwezi mzuri kuliko Juni, hata kama vidole vitakufa ganzi.

Tahadhari ni moja. Bonde lile ni jembamba na upande wake wa kusini una mteremko wenye miti, na jua la chini kiasi hicho huzibwa upesi. Usitegemee mchana mzima. Uwe mbele ya jumba tangu saa tano asubuhi, na uyape magofu zamu yake baadaye. Hapo utaratibu wa safari yako ya kwanza unageuka kabisa: jumba kwanza, monasteri baadaye. Tena uso wa magharibi wa kanisa la monasteri hupata mwanga wake wa dhahabu alasiri, kwa hiyo hupotezi kitu kwa kungoja.

Kuhusu jumba kuinama, dawa yake si ghali. Mistari ya wima huinama kwa sababu kamera imeinuliwa juu. Rudi nyuma kadiri bustani itakavyokuruhusu, iweke kamera wima kabisa kama anayepima maji, kisha ukubali kwamba nusu ya chini ya picha itakuwa majani na njia ya kokoto. Sehemu hiyo utaikata nyumbani. Lenzi ya milimita 24 hadi 35 kwa kamera ya fremu kamili inatosha. Iliyo pana zaidi ya hapo itazivuta pembe za jumba na kuyanenepesha yale maumbo mawili ya mnara yaliyo pande zake, nalo jumba lenyewe tayari lina kifua kipana.

Uchukue pia lenzi ndefu, ya milimita 85 au 100, kwa ajili ya madirisha. Simama pembeni kidogo, si katikati, ulitazame dirisha moja tu kwa dakika tano, ukisogea hatua moja kulia na nyingine kushoto. Vioo vile vimeunganishwa vipande vidogovidogo kwa madini ya risasi na havilali sawasawa. Kimoja kitakurudishia anga, jirani yake mti, cha tatu giza la chumbani. Picha yangu niipendayo ya jumba lile haina jumba ndani yake, ina vipande kumi na viwili vya kioo tu.

Fundi Mawe alijibu:

Naomba nilijibu swali la historia, kwa kuwa hilo ndilo litakaloamua uelekeze kamera wapi.

Monasteri ilianzishwa mwaka 1132 na watawa 13 walioondoka katika abasia ya Wabenedikto ya Mtakatifu Maria mjini York, wakitaka maisha magumu zaidi. Askofu Mkuu Thurstan aliwapa ardhi katika bonde hili, na miaka michache baadaye wakapokelewa katika Wasitoo, shirika la watawa wa Kikatoliki. Waliotafuta umaskini wakaishia kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Uingereza, kwa sababu ya sufu: mashamba yao ya kondoo yalienea mbali, na kazi nyingi za mikono zilifanywa na mabruda, yaani watawa wasio mapadri, ambao ghala na bwalo lao la chini lingali na dari. Ukiingia humo utaona ukumbi wa urefu wa mita 90 hivi, na mbavu za mawe zikichanua juu ya safu ya nguzo kama makuti ya mnazi. Mnara mrefu unaoonekana kutoka kila upande ni wa mwishoni kabisa; ulijengwa na abate, yaani mkuu wa monasteri, Marmaduke Huby, aliyeongoza kuanzia 1495 hadi 1526, na una kimo cha karibu mita 50. Miaka 13 baada ya kifo chake, mwaka 1539, monasteri ilifungwa chini ya Mfalme Henry VIII, na mwaka uliofuata ikauzwa kwa mfanyabiashara wa London, Sir Richard Gresham. Risasi ya mapaa na vioo vya madirisha vikabanduliwa, mvua ikafanya yaliyobaki.

Sasa tufike kwenye jumba. Mwaka 1597 eneo hili lilinunuliwa na Stephen Proctor, ambaye baadaye alipewa cheo cha Sir na akapata kazi ya kukusanya faini kwa niaba ya Mfalme James I, kazi isiyompatia marafiki. Kati ya 1598 na 1604 hivi akajijengea Fountains Hall, na sehemu ya mawe akayatoa katika majengo ya monasteri. Mchoro wa jumba hudhaniwa kuwa wa Robert Smythson au wa watu wa karakana yake, kwa jinsi linavyofanana na majumba mengine aliyoyasanifu. Nasema sehemu ya mawe, kwa makusudi, maana wageni wengi husimama pale wakidai kwamba kila jiwe limeibwa kanisani. Watawa wenyewe walichimba mawe yao katika kingo za bonde hilihili, kwa hiyo rangi peke yake haitakwambia lipi liliwahi kusikia sala na lipi halikusikia.

Jambo linalonivutia mimi ni kwamba Proctor alikuwa Mprotestanti mkali aliyewasumbua majirani zake Wakatoliki, huku akijenga ukuta wake kwa mawe ya watawa. Kwa hiyo, Ndugu Msafiri, piga picha mbili za karibu, kwa umbali uleule na lenzi ileile: moja ya ukuta wa jumba na nyingine ya ukuta wa magofu. Ziweke pamoja bila maelezo.

MamaPicha alijibu:

Mzee Lenzi, shikamoo. Umesema yote ya mwanga, basi nami niseme ya ruhusa na ya njiani.

Mahali hapa pako chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi urithi la Uingereza, tangu mwaka 1983, na tangu 1986 ni sehemu ya Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na bustani ya maji ya Studley Royal. Picha za nje kwa matumizi yako binafsi hazina tatizo. Ukitaka kuziuza, au ukija na maharusi na vifaa vya biashara, unapaswa kuomba kibali mapema. Droni hairuhusiwi bila kibali. Usiibebe kabisa, maana utaishia kuibeba tu. Ndani ya majengo yao utaratibu wa kawaida ni kutotumia flashi wala stendi, kwa hiyo ongeza ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, na uegemee ukuta wa mlango kwa bega lako, si ukuta wenye mapambo. Vilevile usitegemee kuliona jumba lote kwa ndani: wageni hufunguliwa sehemu ndogo tu, na sehemu nyingine ni makazi yanayokodishwa kwa watu wa likizo. Nilishawahi kuelekeza kamera kwenye dirisha la juu, mtu aliyekuwa anakunywa chai akanipungia mkono. Tangu siku hiyo huangalia kwanza.

Kwenye lile ghala la mabruda wanaishi popo. Hata kama hakuna mtu anayekutazama, flashi izime.

Kuhusu usafiri, Ripon haina stesheni ya treni tangu huduma ya abiria ilipokoma mwaka 1967. Panda treni hadi Leeds au Harrogate, kisha basi namba 36 hadi Ripon, ambako utabakiwa na kilomita tano hivi. Ukiwa na gari, na ukitaka kuanza na jumba kama Mzee alivyoshauri, usiende lango kuu. Tumia lango la magharibi, West Gate, ambalo liko karibu na kinu cha zamani cha watawa na jumba lenyewe. Saa za kufungua na kufunga hubadilika kwa msimu, na Novemba hufungwa mapema, kwa hiyo zithibitishe kabla ya kutoka nyumbani.

Mtembezi Mpole alijibu:

Nisamehewe nikitofautiana kidogo. Nimefika Fountains mara mbili na kila mara nimevunjika moyo kwa jambo lilelile: jumba liko kule na magofu yako huku, mwendo wa dakika chache, na miti iko katikati. Ukitaka jumba na magofu katika picha moja, kusema kweli, mahali pake ni Newstead Abbey, Nottinghamshire. Pale uso wa magharibi wa kanisa la zamani umesimama mtupu, dirisha lake kubwa likiwa wazi na anga likionekana nyuma yake, nao umegusana na ukuta wa jumba la familia ya Byron, ambayo ilipanunua mwaka 1540. Mshairi Lord Byron alipauza mwaka 1817. Kwa kuwa uso huo unatazama magharibi, alasiri ndiyo saa yake, na huhitaji kuhangaika kutafuta pembe.

Na kama mtu anapenda historia ya ufundi wetu wenyewe, kuna Lacock Abbey huko Wiltshire, monasteri ya masista iliyogeuzwa kuwa makazi. Mwaka 1835 mwenye nyumba, William Henry Fox Talbot, alipiga picha ya dirisha moja la jumba lake, na negativu yake ndiyo ya zamani zaidi ya kamera iliyosalia hadi leo. Ni kipande kidogo cha karatasi, kikubwa kidogo tu kuliko stempu. Dirisha lenyewe bado lipo, na watu hupanga foleni mbele yake wakiwa na simu.

Mzee Lenzi alijibu:

Marahaba, binti yangu MamaPicha. Ndugu Mtembezi, Newstead ni pazuri na sikatai, ila mwenzetu ameuliza kuhusu Fountains. Tena huo umbali unaoulalamikia mimi nauona kuwa na manufaa. Hapa ruhusu magofu yawe picha moja na jumba picha nyingine, na katikati uweke ya tatu: njia yenyewe, ikiwa na majani ya Novemba chini. Aliyebeba mawe alipita upande huo.

Msafiri wa Kaskazini alijibu:

Nawashukuru sana wote. Mzee wangu, shikamoo, nami nimekuelewa: nitaingia kwa West Gate mara tu litakapofunguliwa, nitakuwa mbele ya jumba saa tano, na magofu nitayaachia alasiri. Stendi nitaibeba kwa ajili ya nje tu. Fundi Mawe, zile picha mbili za kuta nitazipiga kwa lenzi ya milimita 85. Je, niuchague ukuta gani wa magofu, wa kanisa au wa majengo ya makazi ya watawa?

Fundi Mawe alijibu:

Chagua ukuta wa nje wa ghala la mabruda, upande unaotazama magharibi. Ni ukuta mnyoofu, hauna mapambo mengi, na wakati ukitoka kwenye jumba kuelekea kanisani jua litakuwa limeanza kuugeukia. Kuta za kanisa zina michongo mingi, na michongo itaiba macho. Halafu tafuta mahali penye jiwe lililolika na upepo pembeni ya jiwe lililobaki na makali yake. Lipo kwenye kuta zote mbili ukitazama kwa subira.