Baridi ya Julai Kabale, sigiri chumbani na mama mkwe: naombeni ushauri

Mama Safina

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Kabale, huku milimani kusini-magharibi mwa Uganda, tangu Januari. Nimezaliwa na kukulia Jinja. Baba yangu alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichozungumza nyumbani, na joto la kando ya ziwa ndilo nililolizoea. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, anapakia Mombasa anashusha Kigali, na akivuka mpaka wa Katuna ndipo tunamwona siku moja au mbili. Mwaka huu aliamua tuhamie kwao, tukae na mama yake aliyebaki peke yake tangu baba mkwe afariki. Nilikubali kwa moyo mkunjufu.

Siku tunakuja, tulipofika Kayabwe kwenye alama ya Ikweta watoto walishuka wakapigwa picha, mguu mmoja huku na mwingine kule. Sikuwa na habari kwamba upande huu wa pili una kipupwe.

Julai hii nimekijua. Asubuhi ukungu unajaa bondeni mpaka nyumba ya jirani haionekani. Nguo zinakaa kwenye kamba siku mbili. Safina yuko darasa la nne, anatoka kwenda shule jua halijachomoza, amevaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Wa kati ana miaka mitano. Mdogo ana miezi tisa, na amekohoa karibu mwezi mzima.

Lakini sikuja kulalamika tu. Mwezi huu ndio tumekuwa familia. Kule Jinja jioni kila mtu alikuwa na kona yake, mmoja uani, mwingine kwa jirani, mimi jikoni. Huku baridi imetukusanya. Ikifika saa moja usiku tumezunguka sigiri, jiko letu la makaa, viazi vimefukiwa kwenye jivu la moto, mama mkwe ameketi kwenye mkeka na mjukuu mdogo mgongoni. Mchana ni mkali, usiku anakuwa mtu mwingine. Anawafundisha Rukiga, wao wanamfundisha Kiswahili. Kikombe cha obushera, uji wa mtama, cha moto hakitoki mkononi mwake mpaka mtoto aitikie inavyotakiwa. Huyu wangu wa kati alikuwa haongei na watu, nimehangaika naye miaka miwili. Sasa akiamka tu ni "Agandi, kaaka?", yaani habari, bibi, kabla hajanisalimia mimi niliyemzaa. Juzi mume wangu alipiga simu akiwa kwenye foleni ya malori Malaba, nikaweka sauti ya juu, akawasikia wote wanaimba pamoja na bibi yao. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

Sasa tatizo. Katikati ya mwezi baridi ilipozidi, mama mkwe aliagiza sigiri isitolewe nje usiku. Iingie chumbani tunakolala wote watano, mlango na dirisha vifungwe, makaa yaishe yenyewe. Anasema mtoto anakohoa kwa sababu ninamwacha apigwe na baridi, na kwamba yeye amelea watoto saba hapa hapa kwa moto. Makaa yakishashika vizuri hayatoi moshi, kwa hiyo nilikubali, nisionekane mkaza mwana mjuaji. Nimeanza kusita kwa sababu kikohozi hakipungui.

Naomba ushauri. Je, niwapeleke watoto Jinja kwa mama yangu mpaka baridi ipite? Na nikibaki, nimkataze vipi mama mkwe hiyo sigiri bila kuharibu tulichokipata mwezi huu?

Nilikuwa nimesahau. Jumanne usiku huyu wa kati alitapika, na mimi niliamka kichwa kinagonga, miguu haina nguvu. Mama mkwe naye alilalamika kichwa. Tukadhani ni malaria, tukapimwa kituo cha afya, hakuna kitu. Kufika mchana wote tulikuwa wazima. Sijui ndiyo baridi inatuingia mwilini.

Kijana wa Mbarara

Pole sana dada. Wapeleke Jinja, afya ya watoto kwanza. Huyo mdogo mpe asali na tangawizi ya moto, kifua kitafunguka.

Nesi wa Mbale

Mama Safina, mengine yote weka kando. Rudia kusoma ulichokiandika mwisho, hicho ulichosema umekisahau. Watu watatu, chumba kimoja, usiku mmoja. Kichwa, kutapika, miguu kukosa nguvu. Malaria hakuna, na mkishatoka nje mnapona. Hiyo si baridi, mdogo wangu. Hiyo ni sumu ya makaa.

Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho kama moshi. Kwa hiyo yale makaa mekundu yasiyo na moshi, ambayo sisi akina mama tunayaona salama, yanaweza kuua nyumba nzima. Gesi hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anapumua kama kawaida huku mwili wake unakosa hewa, na aliyelala haamki kujiokoa, usingizi unazidi kuwa mzito. Watoto wadogo huathirika mapema kwa sababu wanapumua haraka. Ninyi mliamka. Namshukuru Mungu mliamka.

Usiku wa leo sigiri itoke. Sisemi mpunguze makaa au muache dirisha wazi kidogo. Itoke nje kabisa, hata kama inaonekana imezima, maana chini ya jivu makaa bado yanaishi. Ikitokea tena mtu akashikwa na kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, wote mtoke kwenye hewa, halafu mwende hospitali na mseme wazi kwamba mlilala na makaa. Tiba yake ni oksijeni. Mhudumu asipoambiwa atatafuta malaria, kama ilivyotokea.

Kuhusu kikohozi: mtoto wa miezi tisa akikohoa mwezi mzima lazima aonwe na mtaalamu. Leo, akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, hesabu pumzi zake dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Akishatimiza mwaka tunahesabu kuanzia 40. Ukiona chini ya mbavu panabonyea anapovuta hewa, au ameshindwa kunyonya, usingoje kukuche. Tazama pia kadi yake kama alipata chanjo ya PCV wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ni ya kukinga nimonia, na Uganda ilianza kuwapa watoto mwaka 2013.

Kijana wa Mbarara, asali mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi, hata tone. Inaweza kumletea ugonjwa wa kupooza misuli.

Mama Safina

Mikono inatetemeka ninapoandika. Nimeitoa sigiri hata sijamaliza kusoma. Mama mkwe ameniuliza kuna nini, nikashindwa kujibu, nikasema tu "baadaye, mama." Amekasirika, ameingia kulala bila kusema neno. Mtoto nimemhesabu mara mbili, 44 na 43. Kadi ina chanjo zote tatu. Kesho asubuhi tunakwenda.

Watoto wamelala wote kwangu, mmoja kila upande na mdogo kifuani. Kila baada ya muda nawagusa.

Binti wa Bombo

Dada, mpigie mumeo sasa hivi. Amwambie mama yake mwenyewe. Wewe ni mke tu katika nyumba hiyo, kwa nini ubebe kesi ya mama na mwanawe? Mimi nilinyamaza miaka minne kwa kuogopa kuitwa mjuaji. Nisingependa mwanamke mwingine anyamaze, tena kwa jambo la uhai.

Mzee wa Kisoro

Binti yangu Mama Safina, pole kwa usiku huo.

Mimi nimelelewa chini ya mlima Muhabura, kwenye nyumba ya moto. Mama mkwe wako hasemi uongo. Sisi tulilala na moto mwaka mzima na tukakua. Lakini nyumba ile ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa nyasi. Hewa ilipita kwenye mlango, ikapita ukutani, na moshi ulitokea kwenye nyasi. Tena zilikuwa kuni, zikizidi moshi macho yanawasha, mtu anaamka anatoka. Hatukuwa salama sana, wazee wengi wa enzi zangu wana vifua vibovu. Ila tuliamka. Leo tumepiga mabati, dari, saruji na vioo, tumeziba kila tundu kwa sababu ya baridi hii hii, halafu tunaingiza makaa yasiyoonya macho. Mama ameuhamisha moto wake kwenye nyumba isiyo yake ya zamani.

Mwambie hivyo. Usimwambie amekosea, maana kwa nyumba aliyoijua hakukosea sana. Na usimwambie umesoma kwenye simu.

Binti wa Bombo, nakuheshimu kwa uliyoyapitia, lakini hapa sikubaliani nawe. Mwanaume akitoa amri kwa simu kutoka Malaba, mama ataona ameshitakiwa kwa mwanawe. Sigiri itatoka, na yeye atatoka kwenye mkeka. Mama Safina, keti naye chini asubuhi, mpe kikombe chake, mkumbushe Jumanne kichwa kilimuuma yeye pia. Ni shahidi, si mshitakiwa.

Binti wa Bombo

Mzee, kwa hilo la mkeka nimekubali. Lakini mume ajue, na ajue leo. Kama yangetokea mabaya angepigiwa simu njiani.

Mwalimu wa Rukungiri

Naongezea kuhusu baridi yenyewe, kwa sababu ukiielewa utapambana nayo bila makaa. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua nyuzi kama 6. Juni hadi Agosti ni kiangazi, usiku mwingi anga halina mawingu, joto lote la mchana linapaa. Hewa baridi ni nzito, inateremka kutoka vilimani na kutuama bondeni, ndipo mnapoamka mkiwa ndani ya ukungu. Kama mko bondeni, mnaumia kuliko walio juu.

Watu wengi hurundika mablanketi juu na kusahau chini. Sakafu ya saruji inanyonya joto la mwili usiku kucha. Tandikeni mkeka wa mafunjo, ule mnene, juu yake magunia makavu, ndipo godoro. Mtaona tofauti usiku wa kwanza. Chemsheni maji, yatieni kwenye chupa ngumu iliyofungwa vizuri, izungushieni kitambaa, iwekeni kitandani nusu saa kabla ya kulala, halafu muitoe mtoto asiungue. Kofia na soksi kwa mkubwa na wa kati. Mdogo alale karibu na mama yake, aogeshwe saa sita mchana na si jioni. Na mchana fungueni madirisha jua liingie.

Sigiri ya jioni sebuleni mnaweza kuendelea nayo, mlango na dirisha vikiwa wazi, na itoke kabla mtu hajaanza kusinzia. Kwa hiyo hadithi za bibi hazifi.

Jinja sikushauri. Tuko muhula wa pili, Safina atapoteza masomo, na huyu wa kati aliyeanza kuongea na watu, utamtoa kwenye kilichomfungua mdomo?

Mama Safina

Narudi kuwapa habari, maana mmenibeba.

Nesi, tumetoka kituo cha afya. Nimewaeleza yote, pamoja na makaa. Wamemsikiliza kifua, nimonia hakuna. Wamesema turudi baada ya siku tano, au mapema nikiona zile dalili ulizozitaja, na hewa ya makaa na moshi asiisogelee kabisa. Mume wangu nilimpigia jana usiku ule ule. Nilimwomba asimpigie mama yake kwanza. Alikubali, ila sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia.

Mama mkwe alikuwa uani anaanika mtama. Nilimpelekea kikombe, nikaketi. Nikamwambia kama Mzee alivyonielekeza, kwa Rukiga changu kibovu, pengine Safina ananisaidia neno. Nilipofika kwenye Jumanne aliweka kikombe chini. Akasema usiku ule aliamka akashindwa kusimama, akatambaa mpaka mlangoni kuufungua kidogo, akadhani ni uzee. Hakuwa amemwambia mtu. Kumbe yeye ndiye aliyeufungua ule mlango.

Tulikaa kimya wote wawili. Kisha akaniambia kwamba kwa mama yake, asubuhi ya baridi ukisimama nje uliona moshi unatoka kwenye nyasi za paa, kama nyumba inapumua. Akaitazama hii yetu ya mabati. "Hii haipumui," alisema.

Jioni hii sigiri ameitoa yeye. Wa kati alimshikia taa.

Kwa Jinja hatuendi. Mwalimu, huo mkeka mnene wa mafunjo nitaupata sokoni hapa, au ni mpaka niende ziwa Bunyonyi kwa wanaousuka?

Mwalimu wa Rukungiri

Anza sokoni, ipo. Ukunje kabla ya kununua, ukikatika ni mkavu mno, acha. Nunua miwili, mmoja wa kaaka.