Nimetolewa kwenye grupu la kazi ya kikundi na MAMA WA MTU!

Wakuu, hapa naandika vidole vinatetemeka. Nimetolewa kwenye grupu. Hajanitoa kiongozi wa kikundi, hajanitoa mhadhiri. Kanitoa mama! Mama mzazi wa mwenzetu, yule yule mnayemjua, anayemsindikiza kijana wake mpaka mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Kijana alimwongeza eti "aone tu maendeleo". Wiki haijaisha, mama kawa admini. Anagawa kazi: wewe utangulizi, wewe marejeo, wewe jedwali. Mwanawe kapewa jalada. Jalada! Jitu zima lina ndevu za kufugia njiwa, kazi yake kwenye mradi mzima ni kuandika majina yetu, na langu kalikosea.

Leo nikauliza kwa adabu zote, "Samahani mama, sura ya tatu anaiandika nani, wewe au yeye?" Ikashuka voisi ya dakika saba. Sina malezi. Namwonea wivu mwanawe. Halafu: "Na alama zako za muhula uliopita ninazo." Kazipata wapi? Kabla sijajibu, naona nimeondolewa. Na mama wa mtu!

Mwanawe muda wote yupo hewani. Tiki za bluu, kimya.

Mzazi alipe ada, aombe dua, ashauri, sawa. Lakini mtu anapiga kura, kesho ataoa, hawezi kueleza sampuli yake kaipataje bila mama kumnong'oneza? Siku ya kuwasilisha atasimama nani? Nimetolewa, jamani. NIMETOLEWA.

Kibatari: Huyo mama! Siku ya usajili alipanga foleni yeye, kijana kakaa kivulini anacheza gemu. Ilipofika zamu ya kupigwa picha ya kitambulisho ndipo akaitwa.

BintiMzuka: Na wewe nawe. Umeona sura ya tatu inaandikwa bure, unauliza mwandishi wa nini? Mimi ningemwomba aunganishe na ya nne 😂

MzeeWaFaili: Hilo la alama ndilo kubwa, usiliache. Marekani wana sheria ya 1974, FERPA. Mwanafunzi akifikisha miaka 18, au akiingia chuo hata kabla ya hapo, haki juu ya kumbukumbu zake za masomo inahamia kwake. Hata mzazi wake mwenyewe hapewi hivi hivi, sembuse mama wa mwenzake. Ulizia nani kazitoa.

SioMimi: Marekani hiyo hiyo ya 2019? Wazazi walishtakiwa kwa kununulia watoto nafasi vyuoni, wengine wakaingizwa kama wanamichezo wa michezo wasiyoicheza. Mwigizaji Felicity Huffman alilipa dola 15,000 majibu ya mtihani wa bintiye yarekebishwe, akahukumiwa siku 14 jela. Huyu wenu anaandika kwa mkono wake mwenyewe, mwacheni.

Kibatari: Bora anayeandika. Baba yangu alinijazia fomu ya kozi mimi nimelala. Niko mwaka wa tatu uhasibu, na hesabu nazichukia tangu utotoni.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. KANITOA. Kazi inakusanywa keshokutwa!

BintiMzuka: Jina lako limebaki kwenye jalada?

Mleta uzi: Nitajuaje na nimetolewa?!

SioMimi: @Kibatari uhasibu unalia? Mimi niliambiwa udaktari au nihame nyumbani. Damu nikiiona naanguka.

Ngurumo: Nyie mna raha. Baba wa mwenzangu wa chumbani anapiga simu saa kumi na moja alfajiri kila siku kumwamsha akasome. Yeye hapokei, analala fofofo. Tunaoamka ni sisi watatu. Jana nikapokea mimi, mzee akaanza kunihoji nimesoma nini!

Kibatari: Ukamjibuje?

Ngurumo: Nikamsomea ratiba yangu. Kasema atapiga tena jioni anikague.